KONDOO, ROLA NA NYUNGUNYUNGU: HISTORIA FUPI YA KUSAWAZISHA UWANJA WA NYASI

Ndugu wahitimu, nanyi vijana mnaovikalia hivi sasa viti tulivyoviacha,

Uwanja wetu umekwisha wekewa nyasi mpya. Jambo hilo tumelipigia makofi, na mhazini wetu ametusomea hesabu ya michango senti kwa senti. Lakini tangu siku ile ya makofi yameanza manung'uniko. Mpira ukipigwa chini chini kutoka goli la upande wa mabweni hurukaruka kama panzi. Kwenye kona iliyo karibu na bwalo maji husimama siku mbili baada ya mvua. Vijana wanasema wametandikiwa zulia juu ya mawe. Katika kikao chetu kilichopita mhitimu mmoja alishauri liletwe greda likwangue kila kitu tuanze upya. Mwingine akasema la hasha, tuazime rola la kutengenezea barabara, lipite mara tatu nne na mambo yawe yamekwisha.

Mimi si bwana shamba, wala sikupata kuwa mchezaji wa kutajwa. Nilichosoma ni historia, na historia ya jambo hili ipo, tena ni pana kuliko mtu anavyoweza kudhani juu ya kitu cha kukanyagwa. Naomba tuipitie kabla ya kuliita hilo rola.

Tuanze na uwanja ulio mashuhuri kuliko yote katika mchezo wa kriketi, yaani Lord's, ulioko London. Wengi hudhani jina hilo lina maana ya bwana mkubwa wa Kiingereza. Sivyo. Ni jina la mtu, Thomas Lord, mzaliwa wa Thirsk katika Yorkshire, aliyekuwa mrushaji mpira na mfanyabiashara wa mvinyo. Mwaka 1787, baada ya matajiri wawili kumhakikishia kwamba wangebeba hasara ikitokea, alikodi kiwanja mahali panapoitwa leo Dorset Square, akaanza kuchezesha kriketi kwa kiingilio. Klabu ya Marylebone, inayojulikana kwa herufi MCC, ilianza mwaka huo huo na ikawa mpangaji wake.

Mkataba wa kukodi ulipokaribia kwisha, kodi ikapanda. Lord akahama. Lakini hakuhama na virago peke yake: alizikata nyasi za uwanja wake pamoja na udongo wake, mapande kwa mapande, akazipeleka kwenye kiwanja cha pili na kuzitandaza huko. Haukupita muda mrefu Bunge la Uingereza likaamua kwamba mfereji wa kupitishia mashua, Regent's Canal, ukatize katikati ya kiwanja hicho. Lord akazikata nyasi zake kwa mara ya pili, akazihamishia St John's Wood, na mwaka 1814 uwanja wa tatu ukafunguliwa. Huo ndio uliopo hadi leo.

Hebu tafakari nyasi zile zilivyosafiri. Zimekatwa, zimepakiwa, zimeshushwa, zimetandazwa; kisha zimekatwa tena, zimepakiwa tena. Nyasi mpya zikitandazwa hukaa kama shuka juu ya kitanda cha kamba: kila palipolegea chini yake huonekana juu. Shuka haiwezi kukinyoosha kitanda. Na kitanda alichokipata Lord mara hii kilikuwa kwenye mteremko. Kutoka pembe ya kaskazini magharibi hadi pembe ya kusini mashariki ardhi ya uwanja ule inashuka kiasi cha mita 2.5, ambayo ni zaidi ya kimo cha mtu mrefu.

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike makala hii. Tangu mwaka 1814 hadi mwaka 1864, miaka 50 kamili, uwanja ule haukuwa na mtunzaji wa kuajiriwa kwa kazi hiyo. Waliokuwa na kazi ya kupunguza nyasi ni kondoo. Walifunguliwa humo wakala, na siku ya mchezo wakaondolewa. Kondoo ni mkataji mzuri, sikatai. Hukata karibu na ardhi, tena hadai mshahara. Lakini kwato zake huacha mashimo, na kondoo hajapata kufukia bonde hata siku moja. Wachezaji wa miaka ile walieleza kwamba changarawe zilionekana wazi pale pale mpira unapodundia. Ikafika hatua ya timu ya kaunti kukataa kwenda kucheza huko kwa sababu ya ubovu wa ardhi. MCC, klabu yenye watu wenye vyeo na mali za kila namna, ilikuwa na fedha za mvinyo na za mabenchi, lakini haikuona sababu ya kumlipa mtu wa kuangalia ardhi.

Mwezi Juni mwaka 1870 timu ya Nottinghamshire ilikuja kucheza na MCC uwanjani hapo. Miongoni mwa wapigaji wake alikuwamo kijana George Summers, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 26. Mrushaji wa MCC, John Platts, aliyekuwa na mikono ya kasi, aliurusha mpira. Ukadunda chini, nao badala ya kuinuka kama ilivyotazamiwa, ukaruka ghafla na kumpiga Summers kichwani. Inasemekana ulikuwa umegonga kijiwe. Summers akaanguka. Mpigaji aliyefuata, Richard Daft, alitoka akiwa amejizungushia taulo kichwani, na watu wakaelewa ujumbe wake. Summers alionekana kupata nafuu, akarudishwa kwao Nottingham kwa gari moshi. Tarehe 19 Juni alifariki. MCC ilitoa fedha za jiwe la kaburi lake. Yasemwa kwamba Platts hakurudia tena kurusha kwa kasi ile, ingawa yeye hakuwa na kosa. Alirusha mpira kama wote walivyorusha, juu ya ardhi aliyopewa.

Nawaomba vijana mnaocheza pale uwanjani mkisome kisa hicho mara mbili. Kriketi si mchezo wetu wa kila siku, na mpira wa miguu hauui kwa kudunda. Hata hivyo kifundo cha mguu hakichagui mchezo. Kijana anayekimbia akiangalia mpira haangalii chini, na shimo la inchi 2 lililofunikwa na nyasi za kijani ni baya kuliko shimo lililo wazi, maana la wazi huonekana.

Baada ya miaka ile Lord's ulianza kutunzwa kwa dhati, na viwanja vingine vikafuata. Hapo ndipo lilipovuma rola zito la chuma likivutwa na farasi, ambaye alivishwa viatu vya ngozi ili kwato zake zisitoboe nyasi. Mashine ya kukatia nyasi ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa zamani. Aliyeivumbua ni fundi Edwin Budding wa Stroud, mji wa viwanda vya nguo za sufu. Huko viwandani aliiona mashine yenye visu vya kuzunguka iliyonyoa manyoya ya juu ya kitambaa ili kiwe laini, akajiuliza kwa nini isinyoe na nyasi. Hati ya uvumbuzi aliipata mwaka 1830. Sisi wa enzi za fyekeo, ambao tulijua upana wa uwanja huu kwa kuhesabu malengelenge, tungemshukuru sana kama habari zake zingetufikia mapema.

Hata hivyo mashine hunyoa tu, haijazi bonde. Na rola, ambalo ndilo tegemeo la ndugu yetu wa kikao kilichopita, lina kasoro moja kubwa ambayo wakulima wote wanaifahamu. Udongo ulio hai ni kama sifongo. Ndani yake mna vijitundu vya hewa na vya maji, na mizizi hupita humo. Rola zito likipita hubana kilima, ni kweli, lakini hubana na bonde pia. Kwa hiyo tofauti kati yao hubaki karibu ile ile, ila sasa vyote viwili vimekuwa vigumu kama sakafu. Maji yakinyesha hayana pa kwenda. Mizizi hukosa hewa. Wachezaji wa kriketi walilipenda rola kwa sababu maalumu: katikati ya uwanja wao wanahitaji kipande chembamba kigumu cha kudundishia mpira. Sisi hatuna haja hiyo. Rola jepesi, la kusukumwa na vijana wawili, lina kazi yake siku za kwanza, kuzigandamiza nyasi mpya zishikane na udongo wa chini. Baada ya hapo lirudi stoo.

Basi aliyetuonyesha njia ni nani? Kwa maoni yangu ni mzee mmoja wa Scotland, Tom Morris, aliyezaliwa St Andrews mwaka 1821. Alikuwa mcheza gofu hodari, bingwa wa mashindano ya wazi mara 4 kati ya mwaka 1861 na 1867, lakini mimi namheshimu zaidi kwa toroli lake kuliko kwa vikombe vyake. Kuanzia mwaka 1851 alitunza uwanja wa Prestwick. Inasimuliwa kwamba huko siku moja mchanga ulimwagika kutoka kwenye toroli juu ya nyasi fupi za kwenye shimo la mpira, na baada ya muda akagundua kuwa mahali pale nyasi zimestawi kuliko jirani zake na pamekuwa laini. Kama kisa hicho kilitokea hivyo hivyo au kilitiwa chumvi, hilo si kubwa. Lililo hakika ni kwamba alipoajiriwa St Andrews mwaka 1864, akakaa katika kazi ile hadi mwaka 1903, mchanga ulikuwa ndiyo dawa yake ya kila msimu. Aliutandaza kidogo kidogo, nyasi zikaota kupitia humo, akatandaza tena. Jambo jingine aliloshikilia ni kwamba Jumapili uwanja upumzike, asicheze mtu. Hadi leo uwanja mkongwe wa St Andrews haufunguliwi kwa gofu siku ya Jumapili, isipokuwa kwa nadra sana.

Miaka 39 mtu mmoja, kazi moja. Watu husifu nyasi za St Andrews kana kwamba zilishuka na mvua.

Yuko na mtunzaji mwingine, ambaye hakuajiriwa na yeyote. Mwaka 1881, miezi michache kabla hajafariki, Charles Darwin alitoa kitabu chake cha mwisho. Ulimwengu ulimjua kwa hoja zake kubwa juu ya viumbe. Yeye akauaga kwa kitabu juu ya nyungunyungu. Darwin aliishi kijiji cha Downe, katika Kent, na karibu na nyumba yake lilikuwapo shamba lililolimwa mara ya mwisho mwaka 1841, kisha likaachwa lijiotee nyasi. Lilijaa mawe, mengine makubwa kama nusu ya kichwa cha mtoto. Wanawe walipoteremka mbio humo mawe yaligongana kwa kelele. Darwin aliwaza kama angeishi hata ayaone yamefunikwa. Mwaka 1871, miaka 30 baadaye, farasi aliweza kukimbia kutoka mwisho mmoja hadi wa pili asigonge jiwe hata moja. Alipochimba handaki akakuta mawe yapo, yote, ila yamelala chini ya udongo laini wa unene wa inchi 2 na nusu.

Nani aliyeyafunika? Nyungunyungu. Hula udongo huko chini na kuutoa juu kama vijisonge vidogo, usiku baada ya usiku. Darwin alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza udongo unaopita matumboni mwao kwa mwaka hufika tani 10 na zaidi kwa kila eka. Hesabu ya shamba lile hutoka kama milimita 2 kwa mwaka. Angalieni mwaka: 1871, mwaka mmoja tu baada ya Summers kuuawa na kijiwe kule Lord's. Shamba la Downe, lisilo na klabu wala kiingilio, lilikuwa limekwisha kuzika mawe yake, maana liliachwa litulie na kupata udongo mpya juu kila mwaka. (Watunzaji wa viwanja vya gofu watanipinga hapa, kwa kuwa vile vijisonge huwasumbua sana. Nakubali. Lakini fagio la asubuhi hulimaliza tatizo hilo.)

Sasa turudi nyumbani. Tukitazama kwa makini, Tom Morris na nyungunyungu walifanya kazi moja: udongo laini, tabaka jembamba, mara nyingi, juu ya nyasi zilizo hai. Nasi tunayo bahati ambayo Waingereza hawakuwa nayo, nayo ni aina ya nyasi. Nyasi zetu ni ukoka. Ukoka hutambaa, kila pingili inayogusa udongo huweza kutoa mizizi. Ukiufukia kidogo haufi, bali hupanda juu na kushika udongo ule mpya kwa mizizi mipya. Shule zilizoko nyanda za juu zina nyasi za Kikuyu, zenye tabia hiyo hiyo na nguvu zaidi. Nyasi hizo asili yake ni milima yetu hii ya Afrika Mashariki, zikachukuliwa hadi Afrika Kusini, Australia na California, ambako uwanja wa gofu wa Riviera, jijini Los Angeles, una sifa duniani kwa ajili yake. Waliozipeleka huko walizitaka kwa ushupavu wake. Wakulima wengi waliozipokea huziita gugu. Yote mawili ni kweli.

Kazi yenyewe, kama nilivyoelezwa na mafundi na kama vitabu vinavyokubaliana, ni hii. Kwanza nyasi zishike. Vuta kona ya pande moja kwa mkono. Ikiinuka, subiri, wala usiruhusu mechi. Zikishika, ngoja mvua kubwa inyeshe, kisha utembee na vijiti na kuchomeka kimoja kila palipotuama maji. Mvua ni pimamaji lisilokosea. Pengine pote tandika ubao mrefu ulionyooka, uone mwanga unapita wapi chini yake.

Bonde dogo, lisilozidi inchi moja, hujazwa kwa juu. Chukua udongo unaofanana na ule wa chini, changanya na mchanga wa mto, chekecha, kisha utandaze usizidi nusu inchi na uusugue kwa fagio gumu hadi ncha za nyasi zionekane zote. Ncha zisipoonekana umezidisha, na nyasi zitakosa mwanga na kuoza. Subiri ziote zipite, ndipo urudie. Mchanga wa baharini usiguswe, kwa sababu ya chumvi. Bonde kubwa, na kilima pia, havifai njia hiyo: hapo hukatwa nyasi kwa beleshi mfano wa herufi H, zikafunuliwa pande mbili kama milango, udongo ukaongezwa au kupunguzwa, ukashindiliwa kwa mguu, kisha milango ikafungwa na kumwagiwa maji. Kazi yote hii ni ya msimu wa mvua na joto, wakati ukoka unapokua. Kiangazi ukiumwagia udongo unauzika tu.

Na ile kona ya bwalo? Hapo nahisi tatizo haliko juu. Mwaka 2002 wenye Lord's walichoka na maji yaliyosimama, wakagundua kwamba chini ya nyasi mlikuwa na udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Msimu ulipokwisha wakaung'oa uwanja karibu wote, wakachimba, wakaweka mifereji na mchanga, wakatandaza nyasi nyingine, na mwaka 2003 wakacheza. Katika kazi hiyo wangeweza kuuondoa ule mteremko wa mita 2.5. Waliuacha. Warushaji wameuzoea tangu enzi za Thomas Lord, nao huutumia kuupinda mpira. Walichokitaka ni ardhi isiyo na vinundu na inayokausha maji, si meza ya biliadi. Kwa hiyo kona ya bwalo ichimbwe mtaro wenye kokoto, na mteremko wetu mdogo wa kuelekea bondeni uachwe kama ulivyo, maana ndio unaotoa maji.

Katika mkutano mkuu ujao nitatoa hoja, na naomba waungaji mkono. Greda lisije. Fedha ambazo zingelipa greda na rola zitumike kumwajiri mtunza uwanja mmoja kwa mwaka mzima, apewe toroli, chekecheke, mafagio mawili na ufunguo wa stoo, na apewe mamlaka ya kuufunga uwanja siku moja kwa wiki hata kama kiranja mkuu ana mechi. Mchanga wa mto unapatikana karibu. Wanafunzi wa kidato cha pili tayari wamechomeka vijiti baada ya mvua za juzi. Nilipita nikavihesabu, vimefika 23, na 9 kati yake viko mbele ya goli moja.